Merina Evodius na Sakafu ya Ghalani

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Mtaa wetu wa Ghalani Mzee Beno, ndugu zetu Wakristo na Waislamu, ninyi mliovuka mto kutoka Lupiro, mlioshuka na treni kutoka Mang'ula, na ninyi majirani mlioacha mpunga umelala shambani katikati ya msimu, poleni sana, na asanteni kwa kuja. Ninayesimama mbele yenu ni Amedeus, mdogo wake marehemu, niliyefuatana naye ziwa, na ukoo umenipa kazi hii kwa sababu miaka mingi nilikuwa natangaza treni pale stesheni ya Mang'ula, wakaona sauti yangu haikwami, jambo ambalo leo sina hakika nalo, kwa hiyo nikinyamaza kidogo katikati mnivumilie.

Dada yetu Merina alizaliwa tarehe 14 Julai 1962, huko Lupiro, Wilaya ya Ulanga, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Evodius na marehemu Mama Konsolata, na hakuzaliwa nyumbani wala zahanati, alizaliwa shambani, kwenye dungu, kwa sababu mama yetu alikataa katakata kurudi kijijini kabla mpunga wa mwisho haujabebwa. Tulikuwa tukimtania kwamba kelele ya kwanza aliyoisikia duniani ni ya watu kufukuza ndege, ndiyo maana Mungu akampa sauti ile mnayoijua, sauti ambayo ukiwa ng'ambo ya barabara huwezi kusingizia kwamba hukuisikia. Alibatizwa mwezi wa Septemba mwaka huohuo katika kanisa la Lupiro.

Alisoma Shule ya Msingi Lupiro kuanzia mwaka 1970 hadi 1976 alipomaliza darasa la saba, na mwaka 1977 alivuka mto kwa pantoni, sanduku la bati kichwani, kuja hapa Ifakara kujifunza maarifa ya nyumbani kwa masista, akamaliza mwishoni mwa mwaka 1978. Huko alijifunza kushona, kupika na kutunza watoto, lakini zaidi ya yote alijifunza usafi, akarudi likizo ya kwanza akiwa mtu asiyevumilika, anafagia uwanja ukiwa umekwisha kufagiwa, anatunusa sisi wadogo zake masikio. Usafi huo aliuingiza katika kila kitu alichokigusa, na nawaomba mlikumbuke hilo nitakapofika mbele.

Tarehe 3 Oktoba 1981 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Fulgensi, yule aliyekaa pale, mkulima na mvuvi wa hapahapa Ifakara, wakajenga katika mtaa huu, hatua chache kutoka lilipokuwa ghala la ushirika wa zamani, ushirika ambao umekwisha kufa na waliouendesha wengi wao wametangulia, kwa hiyo leo simnyooshei mtu kidole. Mungu aliwajalia watoto watatu, Lukelo aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1983, Tekla aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1986, na Agnella aliyezaliwa tarehe 17 Novemba 1990. Ndoa yao imedumu hadi Jumatano iliyopita, na shemeji, mbele ya watu wote hawa, ukoo wetu unakushukuru kwa jinsi ulivyomtunza dada yetu.

Sasa lazima niseme habari za ghala, kwa sababu maisha ya dada huwezi kuyasimulia ukaliruka. Lile ghala lilikuwa la dawa za wadudu, dawa za pamba, zilizokuwa zikija kwenye mapipa na mifuko, na ushirika ulipokufa dawa zikabaki humo ndani, hakuna aliyekuja kuzichukua, mwaka 1985 upepo ukang'oa mabati, mvua zikanyesha juu ya mifuko, watu wakachukua matofali moja moja, mwishowe ukabaki ukuta mmoja, mapipa machache yaliyoegeshwa pembeni, na sakafu. Sakafu yenyewe ilikuwa nzuri, pana, laini, hakuna mwenye nyumba Ifakara aliyekuwa na sakafu kama ile, na sisi watu wa mpunga tukiona sakafu tunaona mahali pa kuanikia. Basi tukaifagia, tukaanika.

Na mpunga ulioanikwa pale ulikuwa na sifa moja, hauliwi na fukusi. Ungeweza kuuweka ndani mwaka mzima, gunia la jirani aliyeanika kwenye mkeka limekuwa unga, la kwako zima kama lilivyoingia, wala kuku hawakuja kudonoa pale, wala siafu hawakupita, hata sokoni watu wakawa wanauliza, mpunga huu ni wa Ghalani? Tuliona ni baraka. Akina mama waligombania zamu, na dada yangu, kwa sauti ile, alikuwa hakosi zamu, na kwa sababu alikuwa msafi kuliko wote, alikuwa anafagia hadi kwenye nyufa.

Tarehe 22 Juni 1989, siku ya Alhamisi, Merina alianika mpunga hapa, nasema hapa, maana turubai tulilokaa chini yake liko palepale, akiwa na Tekla, mtoto wa miaka mitatu, aliyekuwa akicheza kwenye kivuli cha ule ukuta uliobaki. Mchana mtoto akaanza kutetemeka, akatoka povu, akakakamaa, shemeji akampakia kwenye baiskeli akiwa mikononi mwa mama yake, wakakimbia naye hospitali, lakini Tekla alikata roho njiani, kabla hawajafika getini. Sisi tulisema ni degedege, wengine wakasema mtoto amerogwa, na wapo waliosema mambo mengine juu ya dada yangu ambayo sitayarudia mbele ya jeneza lake. Tekla alizikwa kesho yake kwenye makaburi ya parokia, na baada ya arobaini Merina akarudi kuanika, kwa sababu mpunga haumsubiri mtu aliyefiwa.

Miaka kumi na tisa ilipita. Mwezi Agosti 2008 walikuja wataalamu kuyachukua yale mapipa, wamevaa nguo nyeupe mwili mzima na vinyago usoni, tukawacheka, tukasema hawa wanakuja kuvuna asali, mpaka jioni walipoitisha mkutano, na mtaalamu mmoja, Bibi Mwanasha, akavua kinyago akatusalimia na kutueleza kwamba sumu imeingia ndani ya saruji na ndani ya udongo, tusikanyage tena. Dada akasimama nyuma ya mkutano, akauliza swali moja tu, akasema, "Shikamoo mama, naomba kuuliza, mpunga wa pale mbona hauliwi na fukusi?" Bibi Mwanasha akasema, "Fukusi wanakufa, dada yangu. Ile dawa iliyomo sakafuni ndiyo inayowaua."

Merina hakukaa. Alibaki amesimama, mikono kichwani, halafu akaanza kusema mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu, hata mumewe, kwamba siku ile Tekla alikuwa akicheza kupikapika, ameokota unga mweupe uliogandamana kwenye kona ya ukuta, ameukoroga na maji kwenye kifuu, akamletea mama yake, akasema, "Mama, ugali umeiva, kula." Na yeye, kama mama yeyote angefanya, alijifanya anatafuna, akasema mtamu sana, mwanangu, haya na wewe kula. Alisema hayo, akaketi chini, na mkutano ukavunjika pale pale.

Ndugu waombolezaji, mwingine angehama. Mimi mwenyewe nilimwambia njoo Mang'ula, kuna kiwanja, akanijibu kwamba akihama, nani atawaambia watu. Kwa sababu mapipa yalichukuliwa, lakini sakafu na udongo vilibaki, pakazungushiwa waya wa miiba tu na kibao cha fuvu la kichwa, na msimu uliofuata waya ulikatwa, watu wakarudi kuanika, wageni hasa, waliohamia bondeni kutafuta mashamba, ambao walichosikia ni kwamba pale mpunga hauingii fukusi. Merina akawa anakwenda kusimama kwenye ule waya kila msimu wa mavuno, juani, kitenge kichwani, anazuia watu, alitukanwa, aliitwa mchawi, mwenye wivu, mama mmoja alimmwagia ndoo ya maji, naye aliloa akaendelea kusimama. Akishindwa kwa ukali alikuwa anawasimulia habari za kile kifuu.

Nataka mnielewe vizuri hapo. Alikuwa anawasimulia watu asiowajua, tena na tena, miaka kumi na moja, kitu kilichokuwa kinamuua kila akikisema, na akimaliza alikuwa anakuja nyumbani hawezi kula. Shemeji Fulgensi alikuwa anamwekea uji karibu na kitanda, hamlazimishi, hamuulizi, na katika miaka yote hiyo hakumtupia hata neno moja la lawama, hilo Merina aliniambia mwenyewe, akaniambia, "Kaka, bora angenigombeza." Alikuwa akiniita kaka ingawa mimi ni mdogo wake, alisema ni kwa sababu ya mvi zangu.

Kusafisha kulianza tarehe 8 Julai 2019, baada ya Mwenyekiti na marehemu kwenda Morogoro na Dodoma kuomba, mara nisizojua idadi yake, na Bibi Mwanasha akarudi akiwa mkubwa wa kazi. Walivunja sakafu yote, wakachimba udongo hadi kifua cha mtu, wakauweka kwenye mifuko mikubwa na kuupakia kwenye malori yaliyofunikwa, wakapima, wakachimba tena palipokuwa bado, wakapima tena, ndipo wakashindilia udongo wa mfinyanzi, wakaweka udongo safi juu. Wakatuambia wazi kwamba chini kabisa kuna mabaki kidogo ambayo hayawezi kutoka yote, yamefungiwa, hayamdhuru mtu aliye juu, mradi pasichimbwe, kwa maana hiyo hakuna kisima pale, hakuna mhogo, hakuna mwembe, hakuna msingi wa nyumba. Mkutano wa mtaa ukaulizwa panafaa kuwa nini, mmoja akataka gereji, mwingine akataka baa, na Merina akasema pawe uwanja wa kuanikia mpunga, watu wakaguna wakadhani uchungu umempanda kichwani.

Akawaeleza kwamba sisi tutaanika tu, tukikosa hapa tutaanika barabarani, na barabarani magari yatatuulia watoto, basi afadhali tuwe na sakafu tunayoijua ilivyotengenezwa, kila tabaka tumeliona kwa macho. Alishinda. Zege nene likamwagwa, mitaro ikatengenezwa ndani ya zege hilohilo, na tarehe 5 Juni 2021 uwanja huu ulifunguliwa, yeye akafanywa msimamizi, kazi ya kwanza na ya mwisho aliyowahi kuajiriwa.

Hakuna aliyekuja. Msimu ule wote walioanika hapa ni Merina na Fulgensi peke yao, sakafu kubwa hivi, mpunga wao kwenye kona, na watu wanapita mbali, na waliokuwa wanakata waya ili waingie palipokuwa na sumu ndio haohao waliogoma kuingia palipokwisha safishwa. Bibi Mwanasha alileta majibu ya vipimo, yakasomwa mkutanoni, watu wakapiga makofi, wakaenda kuanika barabarani. Mpaka mwezi Januari uliofuata, siku ambayo hakuna mtu wa mtaa huu atakayeisahau, tulipomsikia Merina anapiga vigelegele tangu nyumbani kwake, anakuja mbio na ungo mikononi, anaingia mlango hadi mlango, "Jamani, fukusi! Jamani, njooni muone, mpunga wangu umeingia fukusi!" Alikuwa analia na kucheka, fukusi wanatembea kwenye ungo, wazima, wanene, na nadhani tangu bonde hili liumbwe hakuna mwanamke mwingine aliyemshukuru Mungu kwa hasara ya gunia lake.

Tangu hapo watu wakaja, mmoja mmoja, kisha wote. Akaweka sheria mbili, ya kwanza, hapachimbwi, hata shimo la nguzo, na ndiyo maana leo mnaona nguzo za turubai hili zimesimamishwa kwenye madebe ya mchanga, ni yeye aliyewafundisha vijana wa maturubai kufanya hivyo, alipozuia arusi nzima mwaka 2023 mpaka sururu iliporudishwa nyumbani. Ya pili, kuku wasifukuzwe. Akina mama walilalamika sana, wakasema mama Lukelo, kuku wanatumaliza, naye akawajibu kwamba yeye alianika miaka mingi mahali ambapo kuku hawaji, hataki kurudi huko, wacheni wale.

Afya yake ilianza kutetereka mwezi Februari 2024, akachoka, akakonda, tumbo likawa linajaa, akatibiwa hapa hospitalini Ifakara, akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam mwezi Julai, ambako ilithibitika kwamba ana saratani ya ini, na mwezi Machi mwaka huu madaktari wakatushauri tumrudishe nyumbani akae na watu wake. Nilimwuliza daktari, kama nyote mnavyotaka kuuliza, je, ni ile sumu ya zamani, akanijibu kwa uungwana kwamba inawezekana, na inawezekana siyo, hakuna mtu anayeweza kujua. Mungu alimwita Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Agnella, baada ya kupokea sakramenti zote.

Alipokuwa anaumwa hakuogopa kufa, aliogopa kitu kimoja, kwamba akifa ninyi mtasema uwanja umemuua. Alinishika hivi, akaniambia, "Kaka, ukisoma habari zangu waambie ukweli, usiwafiche ugonjwa, lakini waambie siyo sakafu hii." Nami nikamwambia dada, watu hawawezi kuwa wajinga kiasi hicho. Jumatano mchana, mwili umepelekwa kuhifadhiwa hospitalini, nilipita hapa nikakuta watu wanakusanya mpunga wao haraka haraka, wanapakia kwenye bajaji, hawanitazami usoni, na jana nimeuona mpunga huo umeanikwa kwenye lami, watoto wamekaa pembeni yake. Sitataja jina, lakini mpo hapa, na mimi nina hasira na ninyi, sifichi, kwa sababu mama huyu aliyelala hapa alifungua kidonda chake mbele yenu kila mwaka ili watoto wenu wakue, na ninyi mmemkimbia hata kabla hajazikwa. Kama ni sumu iliyomuua dada yangu, ni ile aliyoifagia kwa mikono yake katika miaka ile tuliyoiita baraka, wala siyo hii sakafu aliyotuachia.

Mwenyekiti, Mzee Beno, wewe na wajumbe wako mlikuja kuomba kwa heshima kwamba marehemu azikwe hapahapa, katikati ya uwanja, awe kumbukumbu, na ukoo umeguswa sana na wazo lenu. Lakini tumekaa tumetafakari, na jibu letu ni kwamba kaburi ni shimo, na hapa hapachimbwi, na hatuwezi kuvunja sheria yake kwa ajili ya kumheshimu yeye mwenyewe, kwa hiyo atazikwa kwenye makaburi ya parokia, kando ya Tekla, ambako shemeji aliacha nafasi tangu mwaka 1989. Yeye alidhani anajiwekea mwenyewe.

Kwa niaba ya ukoo tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Ifakara na wa Dar es Salaam, tunamshukuru Bibi Mwanasha aliyesafiri usiku kucha kuja kumzika mwenzake, Jumuiya iliyosali nyumbani kila jioni, akina mama wa uwanja huu mliokuwa mnapokezana kumwogesha na kumgeuza, na kijana wetu wa bajaji aliyekuwa anampeleka hospitali mwendo wa pole asiumie, hatuna cha kuwalipa. Chakula mtakachokula baada ya maziko ni mpunga wake wa mwisho, ulioanikwa kwenye kona ile mwezi uliopita, shemeji Fulgensi ameukoboa mwenyewe. Nasi, familia, tutakuwa wa kwanza kula. Mliobeba mpunga wenu, mkitaka kuurudisha kesho kona yenu ipo, hatutasema neno, na hawa kuku mnaowaona wanatembea katikati yetu tangu asubuhi, naomba msiwafukuze.

Dada Merina, umesimama juani vya kutosha. Wasalimie baba na mama, na ukimkuta Tekla amepika, safari hii kula kweli, dada yangu, kula bila woga, ukishiba ulale karibu naye, upumzike kwa amani.